Barua Mkononi mwa Uria



Leo sianzi na somo la Dominika. Naanza na kitabu cha hadithi, tena si hadithi ya mtakatifu yeyote. Nilikikuta kwenye maktaba ya nyumba yetu hapa Morogoro, rafu ya chini kabisa, jalada limechanika, kimebanwa na kamusi nene ya Kilatini. Kinaitwa The Constant Gardener, mwandishi wake ni Mwingereza John le Carré, na kilitoka mwaka 2001. Nilivyoona neno la bustani nikadhani ni kitabu cha kilimo. (Msinicheke. Sisi huku tuna zamu ya bustani, na kabichi zangu zilikuwa zinaliwa na wadudu.) Nikakisoma usiku tatu mfululizo, na usiku wa tatu sikupata usingizi.

Hadithi yenyewe ni ya kwa jirani zetu, Kenya. Mwanamke kijana anayeitwa Tessa, mke wa ofisa wa ubalozi wa Uingereza jijini Nairobi, anakutwa ameuawa karibu na Ziwa Turkana. Mume wake, Justin, ni mtu mpole, mtu wa maua yake, asiyependa ugomvi. Lakini anaanza kufuata nyayo za mkewe na kugundua alichokuwa anakichimba: dawa mpya ya kifua kikuu, Dypraxa, ambayo kampuni kubwa inaijaribu kwa watu maskini. Dawa ina madhara mabaya. Wanaokufa wanafutwa kwenye kumbukumbu, wanaouliza wananyamazishwa. Yupo mama mmoja humo ndani anaitwa Wanza, ametoka kujifungua, anafia wodini, na hakuna anayetaka kuandika ukweli wa kifo chake. Mwisho sikuambii, kitafute usome. Filamu yake ya mwaka 2005 ni nzuri, na Kibera inaonekana humo, ila kitabu kinakaa kichwani zaidi.

Aliyenikosesha usingizi siyo muuaji. Ni mtu mmoja anaitwa Lorbeer. Huyu ndiye aliyesaidia kuipeleka dawa ile Afrika, na anamjua Mungu, maneno ya Biblia yako mdomoni. Dhamiri inamchoma, anakimbilia kusini mwa Sudan kugawa chakula cha msaada, analia, anajilaumu, na bado hasemi wazi alichokifanya. Nilipofika kwake nikafunga kitabu. Kwa nini, nitasema mbele kidogo.

Utaniambia, Frateri, hiyo si riwaya tu? Ni riwaya, ndiyo. Lakini sikiliza hii. Mwaka 1996 jimbo la Kano, Nigeria, lilikumbwa na homa kali ya uti wa mgongo. Watoto wanakufa, hospitali zimefurika. Kampuni ya Pfizer ikaja na dawa yake mpya, Trovan, ikawaweka watoto wapatao 200 kwenye jaribio: nusu wakapewa Trovan, nusu dawa iliyokuwa inajulikana tayari. Watoto 11 wakafa, kutoka makundi yote mawili. Wazazi walikuja kusema hawakuelezwa kwamba mtoto wao yumo kwenye jaribio. Wao walijua wameleta mgonjwa hospitali, basi. Kampuni ikakana kukosea na ikasema dawa yake iliokoa maisha. Kesi zikaenda miaka, na mwaka 2009 wakapatana na serikali ya Kano kwa dola milioni 75. Mimi siwezi kukaa kwenye kiti cha hakimu. Ila swali la wale wazazi haliondoki: niliambiwa, au sikuambiwa?

Na kwetu? Yako. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na kitu kinaitwa Virodene, eti dawa ya UKIMWI, iliyotoka Afrika Kusini. Kiini chake kilikuwa kimiminika kinachotumika viwandani. Mamlaka za dawa za kule zikaikataa. Basi majaribio yakahamia Tanzania, na ingawa Taasisi yetu ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilikuwa imekataa, yakafanyika kwa siri, wakitumika pia watu wa jeshi. Kaa na hilo neno, jeshi. Askari akiambiwa na mkubwa wake apange foleni, atasema hapana kwa mdomo upi?

Hapo ndipo Uria alipokuja kichwani. Fungua Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11. Wengi wetu tunaijua kama sura ya Daudi na Bathsheba, tunahubiriwa usafi wa moyo, tunafunga Biblia. Lakini mtazame mume. Uria ni askari, tena Mhiti, mgeni, mtu asiye na ukoo Yerusalemu wa kumsemea. Daudi anaandika barua kwa Yoabu, jemadari wake, aagize Uria awekwe pale vita inapowaka kisha wenzake warudi nyuma. Barua hiyo anampa nani aipeleke? Uria mwenyewe. Mtu anatembea njia nzima na hukumu yake mkononi, kwa uaminifu, bila kujua kilichoandikwa. Hakulazimishwa kwa fimbo. Aliamini tu, kwa sababu aliyempa alikuwa mfalme.

Vijana, mtu anayeweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, kwa sababu aliyempa amevaa koti jeupe, amebeba barua ya Uria. Pengine ndani yake hamna kitu kibaya chochote. Mara nyingi hamna. Lakini hajui. Na sisi tunaojua kusoma tunasimama pembeni tukisema, nenda tu, mfalme ni mtu mwema.

Sasa niseme langu. Likizo ya mwaka juzi nilitumwa uchungaji kwenye parokia moja ya milimani Uluguru, upande ule wa ndizi na mdalasini, ambako bodaboda inakufikisha mahali halafu inakushusha, unapanda kwa miguu huku ukungu umekufunika. Vigango viko mbalimbali. Siku moja, baada ya ibada, ikaja timu ya utafiti, walikuwa wanachunguza mambo ya homa. Walikuwa watu wa heshima, sina neno nao. Vibali wanavyo, mwenyekiti wa kijiji anawajua, fomu yao ya ridhaa ilikuwa ya Kiswahili kizuri, kurasa nne. Lakini watu walikuwa wengi na jua linazama, na mimi nikajitolea kusaidia kuwasomea wasiojua kusoma.

Nilisoma kwa wa kwanza yote. Kwa wa pili nusu. Alipofika bibi mmoja, mjane, mtu wa kukaa benchi la mbele kanisani, nilikuwa nimechoka. Akaniuliza, "Frateri, hii damu yangu inakwenda wapi?" Nikamjibu, "Ni mambo ya hospitali, bibi, weka kidole tu hapa." Akaweka. Alikuwa ameiangalia kanzu yangu nyeupe, hakuiangalia karatasi. Kwa kweli kanzu ilikuwa imeshamjibu kabla yangu.

Nilirudi Desemba. Bibi akanipokea mlangoni akichechemea, akaniuliza, "Majibu yangu yamerudi? Na ile dawa ya mguu mtaleta lini?" Mguu wake ulikuwa umevimba tangu mwaka ule unaanza. Miezi yote hiyo hakushuka zahanati, kwa sababu alijua watu wa hospitali wameshachukua damu, Frateri mwenyewe alisema, basi wanatafuta dawa yake. Fomu ile ilikuwa imeandika wazi, ukurasa wa kwanza, kwamba utafiti siyo matibabu na kwamba mshiriki aendelee kwenda zahanati kama kawaida. Sikumsomea mstari huo. Katekista ndiye aliyepanga vijana wakambeba hadi barabarani, akapelekwa hospitali. Mguu ulipona, lakini haukurudi kuwa kama zamani.

Ndiyo maana nilimfunga Lorbeer kitabuni. Huyo jamaa nilikuwa namjua.

Miaka mitatu nimesoma falsafa, na kwenye maadili tuliumizwa vichwa na swali hili: je, inaruhusiwa kumtumia mmoja ili wengi wapone? Liko jibu moja tamu sana sikioni, linalopiga hesabu. Wagonjwa elfu watapona, atakayeumia ni mmoja, sasa tatizo liko wapi? Injili inalijua jibu hilo na inatuambia lilitoka kinywani mwa nani. Ni Kayafa, kwenye Yohane sura ya 11, anayewaambia wakuu wenzake kwamba ni heri mtu mmoja afe kuliko taifa zima kuangamia. Kama kikao kile kingepiga kura kwa hesabu tu, Kayafa anashinda. Kant, Mjerumani yule aliyenihangaisha muhula mzima, alisema mtu asifanywe kamwe kuwa chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Papa Pius wa 12, akizungumza na madaktari mwaka 1952, miaka michache tu baada ya vita na ukatili uliofanyiwa wafungwa kwa jina la utafiti, alifundisha kwamba daktari hana mamlaka juu ya mgonjwa kuliko yale anayopewa na mgonjwa mwenyewe. Na Katekisimu, namba 2295, inasema hata ridhaa haitoshi kuhalalisha jambo linalovunja hadhi ya mtu, wala haifai kumweka mtu kwenye hatari isiyolingana au inayoepukika.

Lakini hapa kijana mwenye akili atanishika. Atasema, Frateri, si ni kweli mmoja alikufa kwa ajili ya wengi? Si ndiyo imani yetu? Ndiyo. Sasa tazama tofauti. Kayafa alitaka kuuchukua uhai wa mwingine. Yesu, sura moja tu kabla, amesema hakuna anayemwondolea uhai wake, anautoa mwenyewe. Msalaba ni uleule. Kinachotofautisha sadaka na mauaji ni kama anayetolewa ndiye anayejitoa, anajua, na alikuwa na njia ya kukataa.

Na Mungu mwenyewe anapotaka kitu kwa mwanadamu anafanyaje? Tunasali Malaika wa Bwana kila siku adhuhuri, huenda kwa haraka ileile niliyosomea fomu. Malaika anamwendea msichana wa Nazareti. Anamweleza jambo lote. Msichana anauliza swali, tena swali la mwili wake, hili litawezekanaje. Malaika haoni kuwa ni ukaidi. Anamjibu, anamwongezea hata habari za Elizabeti ambazo hakuuliza. Ndipo Maria anasema ndiyo. Mbingu zilisubiri. Nikifikiri kwamba Muumba wa ulimwengu alisubiri jibu la binti wa kijijini, na mimi sikuweza kusubiri dakika kumi kwa bibi wa watu, naona haya. Hata Bartimayo, kipofu anayepiga kelele barabarani, shida yake inaonekana na kila mtu, lakini Yesu anamuuliza kwanza anataka afanyiwe nini.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya, kwa sababu najua makundi yetu ya WhatsApp. Mtu atasoma mpaka hapa, akimbie kutangaza kwamba chanjo ni njama za wazungu na Kanisa limesema. Hapana! Kanisa halijasema hivyo, na mimi sijasema hivyo. Utafiti ni tendo la upendo ukifanywa vizuri, na mkoa wetu unalijua hilo kuliko mikoa mingi. Ifakara kuna utafiti wa magonjwa ya kitropiki tangu miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wa kijiji cha Idete, kule Kilombero, waliingia kwenye jaribio la chanjo ya malaria iliyotoka Colombia, SPf66. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Kwingine ikajaribiwa, haikufaa, ikaachwa. Je, mama zao walipoteza muda? Miaka mingi baadaye, kati ya 2009 na 2014, chanjo nyingine, RTS,S, ikajaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwemo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha. Watoto watakaopona kwa ajili yake hawatajua jina la mama hata mmoja wa Korogwe aliyesema, haya, mwanangu awemo.

Hata hapa mjini, pale SUA, wapo wale panya wa APOPO wanaofundishwa kunusa makohozi na kugundua kifua kikuu. Nikisoma habari za Dypraxa nilikuwa nawaza, kumbe ugonjwa uleule, na huku kwetu panya anafunzwa kwa ndizi na uvumilivu. Tunacheka, lakini kuna wagonjwa wamegunduliwa hivyo baada ya kipimo cha kawaida kuwakosa.

Na tusidhani wanaokosea ni watu wabaya tu. Miaka ileile ya 1990 dawa ya AZT ilikuwa tayari imeonyesha, kwa utafiti uliotoka 1994, kwamba inapunguza sana maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Bado yakafanyika majaribio Afrika, likiwemo moja lililohusisha Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, ambamo baadhi ya mama walipewa vidonge visivyo na dawa ndani ili kulinganisha. Waliotetea walisema AZT kwa kipimo kamili ni ghali, maskini hawataipata kamwe, tunatafuta njia fupi watakayoimudu. Waliopinga walisema, mngemfanyia hivi mama wa nchi tajiri? Madaktari wa pande zote walitaka watoto wapone. Nimeisoma hoja ya kwanza mara nyingi na naiona ina uzito. Halafu namfikiria mama mmoja mwenye kidonge mkononi, na uzito unahama.

Kuna kisa kingine cha Daudi, hiki cha kumsafisha kidogo. Kitabu kilekile, sura ya 23. Yuko vitani, ana kiu, anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wanapenya kambi ya adui bila kuambiwa, wanamletea. Daudi anakataa kuyanywa, anayamimina mbele za Bwana, kwa sababu anasema ni kama damu ya waliohatarisha maisha yao. Mimi dawa nikiinywa nainywa, simwagi. Lakini tangu nisome sura hiyo, nikimeza dawa ya malaria nasali kwa ajili ya mtu aliyeimeza kabla haijajulikana kama inaua au inaponya. Jaribu na wewe, ni sala fupi.

Halafu wewe wa TYCS, wa VIWAWA, uliyesoma, ambaye kila jumuiya ndogo ndogo inakutegemea kusoma barua: timu ikija kijijini kwenu, kaa na bibi yako. Msomee polepole. Uliza kwa niaba yake huu ni utafiti au matibabu, damu itatunzwa muda gani, akiumia ataangaliwa na nani, na akikataa atapoteza nini. Kwa taratibu za nchi yetu, utafiti wa afya lazima upitiwe na kamati ya maadili, na fomu huwa na namba ya simu ya kuuliza. Mtafiti mwema hachukii maswali. Akichukia, hapo umeshajua kitu.

Na wewe unayesomea udaktari, uuguzi, maabara, ambaye kesho utavaa lile koti jeupe: linasema kabla yako, kama kanzu yangu.

Pasaka iliyopita nilipanda tena mlimani. Nakala ya ile fomu nilikuwa nimeitunza ndani ya kitabu cha Sala za Kanisa, ikawa inaniangalia kila Masifu ya Asubuhi. Nilimkuta bibi uani anamenya mihogo, mguu ameunyoosha juu ya gogo. Nikamwomba msamaha. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye kile kidole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama mkononi.

"Hiyo karatasi unayo?" akaniuliza.

Nikamwonyesha.

"Nisomee sasa."

Nikakaa kwenye kigoda, nikasoma. Ukurasa wa pili, pale panaposema mshiriki anaweza kukataa, au kujitoa wakati wowote hata akiwa ameshaanza, akainua mkono. "Hapo rudia." Nikarudia. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo peke yake.

"Mimi ningewapa tu, Frateri," akasema. "Damu si ninayo? Lakini ungeniuliza." Akachukua muhogo mwingine. "Haya, endelea. Bado kurasa mbili."